Kuwafundisha Watoto Wadogo Maneno kwa Njia ya Sauti

Katika kuyazuru madarasa ya watoto wadogo tumeona mara nyingi jambo ambalo mwanzoni lilitupendeza, na baadaye likatutia mashaka. Mtoto wa mwaka wa kwanza husimama, hushika kitabu kwa mikono miwili, na kusoma ukurasa mzima pasipo kujikwaa. Mwalimu hutabasamu, na wageni husifu. Siku moja tulimsikiliza msichana mmoja wa namna hiyo, mwenye umri wa miaka saba hivi. Sentensi aliyoisoma ilisema kwamba bibi amejitwika mtungi juu ya kata. Aliisoma vizuri kuliko wasomaji wengine wazima tuliopata kuwasikia. Tukamwuliza, "Mwanangu, kata ni nini?" Akanyamaza kitambo, akatazama chini, kisha akaunyosha mkono wake kama kisu na kuupitisha hewani mara mbili. Neno alilojua ni kukata. Tulipomwuliza habari za mtungi, hakuwa na ishara hata moja ya kutoa, maana kwao maji hutekwa kwa ndoo ya plastiki, na mtungi hajauona.

Hatukumlaumu mtoto, wala hatukumlaumu mwalimu wake, aliyefanya kazi yake kwa bidii. Tulilolitambua siku ile ni kwamba kasoro hii imezaliwa na uzuri wenyewe wa maandishi yetu. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtu akiisha kuzijua sauti za herufi aweza kusoma neno lolote, liwe analijua au halijui, na masikio ya msikilizaji hayawezi kutofautisha. Basi kazi ya kufundisha sauti na kazi ya kufundisha maneno, ambazo watu hudhani ni moja, zaweza kuachana njiani bila mtu kutambua, na mwalimu akaandika katika daftari lake kwamba mtoto "ajua kusoma".

Yafaa tukumbuke kwamba haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Waswahili wa pwani walikuwa wakiiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, na watoto wakianza chuoni kwa alifu kwa ujiti. Sasa herufi zile zina alama za vokali tatu tu, hali Kiswahili kina vokali tano. Kwa hiyo e na i ziliandikwa namna moja, na o na u vivyo hivyo, ijapokuwa baadhi ya waandishi walibuni alama za kuongeza. Tena Kiarabu hakina p, wala ch, wala v, na wengi waliandika p kwa herufi ya b. Msomaji aliyeona neno lililoandikwa hivyo hakuweza kulitamka mpaka kwanza alitambue kwa maana yake katika sentensi. Kuku na koko zilifanana machoni; akili ndiyo iliyochagua. Hapo zamani mtu alilazimika kulijua neno ndipo alisome, na leo aweza kulisoma asilijue. Hatusemi kwamba tuyarudie maandishi yale kwa ajili hiyo. Twasema tu kwamba tulipopata wepesi tulipoteza mlinzi mmoja, na yatupasa kuweka mwingine mahali pake.

Wepesi wenyewe ni mkubwa, na tusiudharau. Mwaka 2003 wataalamu Seymour, Aro na Erskine walitoa habari za watoto wa lugha 13 za Ulaya waliokuwa karibu na mwisho wa mwaka wao wa kwanza wa shule. Watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitalia na Kihispania, lugha ambazo huandikwa karibu sawasawa na zitamkwavyo, walisoma vema zaidi ya maneno 90 katika kila 100 ya maneno waliyozoea; watoto wa Scotland waliosoma Kiingereza walipata kama 34 tu. Mtoto wa Kiswahili yuko upande wa wale wa kwanza. Lakini wataalamu wengine wawili, Gough na Tunmer, walikuwa wamekwisha sema mwaka 1986 kwamba kusoma ni kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kuyafungua maandishi, na uwezo wa kuielewa lugha. Walisema kuzidisha, hawakusema kujumlisha. Na kila mwalimu wa hesabu ajua kwamba kumi mara sifuri ni sifuri.

Basi twende kwenye kazi yenyewe, tuanze na sauti.

Kosa la kwanza ambalo bado laonekana katika shule nyingine ni kumfundisha mtoto majina ya herufi mahali pa sauti zake. Mtoto aambiwa kwamba hii ni "be", na hii ni "a", kisha atakiwa aunganishe. Naye akiwa mwaminifu kwa alilofundishwa husema "be-a, be-a", na hajui jinsi "baba" alivyotokea humo. Ulaya waliliona neno hili zamani sana. Valentin Ickelsamer, Mjerumani, aliandika tangu mwaka 1527 kwamba anayejifunza kusoma aanze na sauti, wala si na jina la herufi. Na haikuzuia waalimu wa nchi ile kuendelea na majina kwa miaka mia tatu na zaidi. Tusishangae basi ikiwa na sisi twachelewa.

Lakini katika Kiswahili hata sauti ya herufi moja moja si mahali pema pa kuanzia. Ziko konsonanti ambazo mtu aweza kuzivuta peke yake: s kama nyoka, z kama mbu sikioni usiku, f kama mtu apulizaye moto, sh kama mama anyamazishaye mtoto. Lakini p, t, k, b, d na g hazitamkiki peke yake. Mwalimu akijaribu hutia vokali nyuma yake bila kupenda, akasema "bu" au "be", na hapo amerudi kwenye shida ile ile. Kitu ambacho mtoto wa Kiswahili anacho tayari kinywani mwake ni silabi. Na ushahidi wake hatuupati vitabuni, bali uwanjani. Watoto wa pwani wana mchezo wa kusema kinyume, ambao huchukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza, ili wakubwa wasifahamu: kitabu huwa bukita, na nyumba huwa mbanyu. Mtoto asiyejua hata herufi moja huugawa mfano huu pasipo kukosea. Hasemi "anyumb", hamtengi m na b, ajua kwamba mba ni kitu kimoja. Mwalimu amwambie mtoto huyu kwamba yale anayoyafanya kwa mchezo ndiyo atakayoyafanya kwa chaki, na nusu ya kazi imekwisha.

Konsonanti zetu, tukizihesabu pamoja na zile ziandikwazo kwa herufi mbili kama ch, dh, gh, ny, ng', sh na th, ni kama 25; kila moja ikitiwa vokali 5, silabi huwa 125, na baadhi yake, kama wu na yi, hazitumiki sana. Si nyingi. Hata hivyo twaonya juu ya ile desturi ya kuimba ba be bi bo bu, da de di do du, tangu mwanzo wa ubao mpaka mwisho, kwa muda wa miezi. Tumeyasikia madarasa yakiimba hivyo hata ukuta ukavuma, na mwalimu akifuta silabi moja katikati, watoto huendelea kuiimba kana kwamba bado ipo. Hawasomi, wanakumbuka wimbo. Silabi ifundishwe ndani ya neno, itolewe humo, kisha irudishwe katika neno jingine.

Paulo Freire wa Brazil alifanya jambo la namna hii huko Angicos mwaka 1963, akiwafundisha wafanya kazi wazima. Alichagua neno kutoka katika maisha yao, mathalani tijolo, yaani tofali. Wakazungumza kwanza juu ya tofali na nyumba na kazi, kisha wakaligawa neno katika silabi zake, wakaziandika jamaa za kila silabi, na mwisho wakaunda maneno mengine wenyewe. Watoto si watu wazima, na mazungumzo yao ni mengine, lakini utaratibu wafaa: kwanza neno linalojulikana, ndipo sauti, ndipo neno jipya.

Tuseme mwalimu achukue m, t, k na l tu, pamoja na vokali zote tano. Mara anazo mama, mimi, moto, mate, tamu, kuku, kaka, kiti, koti, kito, kilima, limau, mali, tuma, toka, teka, tema, lala, kamata. Kwa hizi watoto waweza kusoma kwamba mama alikamata kuku, na kwamba kuku amelala, na tumewaona wakicheka kwa furaha, maana maneno yale yana habari. Katika orodha hii mtoto wa bara huenda hajui kito wala limau. Basi ayajifunze hayo mawili kati ya mengi anayoyajua. Neno geni liwe mgeni katika nyumba yenye wenyeji. Kitabu ambacho katika mistari mitano kina maneno matano yasiyojulikana hakifundishi maneno. Chafundisha watoto kuvumilia kutokuelewa, na somo hilo wakilijifunza mapema hawalisahau.

Tena kubadili vokali moja ni mchezo wenye faida. Chama, choma, chuma: mfupa wa neno ni ule ule, na roho yake imebadilika mara tatu. Au sema, sima, soma. Hapa mwalimu wa Mombasa hatakuwa na taabu na sima, lakini wa Tabora itampasa aseme kwamba ndiyo ugali. Mtoto akiliona hili ajua kwamba vokali si pambo la konsonanti, bali hushika maana nusu kwa nusu.

Sasa tufike kwenye maneno mapacha, ambako twaona kuna utajiri mkubwa na hatari kubwa pia. Kiswahili kina maneno mengi yatofautianayo kwa sauti moja tu, na sauti hiyo mara nyingi ndiyo ile ambayo lugha ya nyumbani ya mtoto haina. Kigikuyu, kwa mfano, kina r na hakina l. Na c yake hutamkwa karibu na sh ya Kiswahili. Mtoto atokaye huko haoni kwa sikio lake kwamba kalamu na karamu ni vitu viwili, wala mahali na mahari, mbali na mbari, hali na hari, fahali na fahari, kula na kura. Na choka na shoka humchanganya. Lugha nyingine za bara zina l na hazina r, na shida ni ile ile kwa upande wa pili. Hili si kosa la akili. Sikio la mtoto limefundishwa na mama yake kuacha tofauti isiyo na kazi katika lugha ya nyumbani, nalo limefanya kama lilivyofundishwa. Mwalimu anayemcheka mtoto kwa ajili hiyo hufundisha darasa zima kunyamaza.

Njia tuliyoiona ikifaa ni hii. Kabla ya kuandika neno lolote, mwalimu afunike kinywa chake kwa karatasi, aseme moja ya maneno mawili, na watoto wainue mkono wa kulia wakisikia kalamu, wa kushoto wakisikia karamu. Siku ya kwanza mikono itakuwa kama majani ya mgomba katika upepo. Siku ya nne au ya tano itaanza kukubaliana. Ndipo kinywa kifunuliwe, na watoto waonyeshwe kwamba katika l ulimi hukaa mahali pake, nayo yaweza kuvutwa, na katika r ulimi hugonga na kuondoka. Sikio litangulie, kinywa kifuate, na mkono wa kuandika uwe wa mwisho. Twajua waalimu wanaofanya kinyume cha haya, wakaandika mahali na mahari ubaoni siku moja, yote mawili mageni, kisha wakashangaa kuona watoto wameyachanganya maisha yao yote. Katika mapacha mmoja hana budi awe amekwisha julikana vema kabla nduguye hajaletwa.

Na je, ikiwa mwalimu mwenyewe hazisikii? Twauliza bila kumwaibisha mtu, maana wengi wetu si wa pwani. Basi na amwombe mwenzake aliye na sikio la l na r asome orodha, naye ainue mkono pamoja na watoto. Tumemwona mwalimu mmoja akifanya hivyo, akakosea mara tatu mbele ya darasa lake, na watoto hawakumdharau, walijitahidi zaidi.

Sauti za th na dh zina shida ya namna nyingine. Ulimi lazima uonekane kati ya meno, na watoto wetu wamefundishwa kwamba kumtolea mkubwa ulimi ni utovu wa adabu. Kwa hiyo huona haya, wakasema s na z. Mwalimu awape ruhusa waziwazi, na vicheko vikiisha somo litaendelea. Waweke vidole kooni: katika dh koo hutetemeka, katika th limetulia. Lakini hapa twapenda kutoa maoni yetu, ijapokuwa wengine hawatakubali. Mtoto asemaye "zambi" mahali pa dhambi, au "feza" mahali pa fedha, afahamika na kila mtu, na watu wazima wengi husema hivyo. Tusitumie asubuhi nzima kwa ajili yake. Tuziweke nguvu zetu pale ambapo maana hupotea: dhana si zana, na thamani si zamani. Kadhalika s na sh, ambamo saba huwa shaba na sindano huwa shindano. Na f na v, ambazo zilitupatia kisa kimoja tutakachokieleza.

Katika shule moja mwalimu alikuwa na desturi njema ya kuandika amri fupi juu ya vipande vya karatasi. Mtoto huchukua kipande, husoma kimya, kisha hufanya: funga mlango, lete chaki, gusa sikio. Mtoto mmoja alipewa karatasi iliyoandikwa "Futa ubao." Akaisoma, akaenda mbele kwa ujasiri, akaushika ubao kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote mpaka ukaanguka pamoja na miguu yake. Darasa likacheka sana, naye akakaribia kulia. Mwalimu akafanya jambo la hekima: hakumwambia kwamba amekosa kusoma. Aliandika neno vuta chini ya futa, akamwita mtoto yule yule ayatende yote mawili mbele ya wenzake, na tangu siku ile, twaambiwa, hakuna mtoto katika darasa lile aliyekosea f na v. Waliendelea kwa kufua na kuvua, kufaa na kuvaa. Angalieni kwamba kama mtoto yule angalisoma kwa sauti, pengine angalisema futa barabara, na mwalimu asingalijua kamwe kwamba kichwani mwake mlikuwa na neno jingine. Ndiyo sababu twapendelea vipande hivi kuliko kusoma kwa zamu mbele ya darasa. Mtoto asomaye kwa kutenda hawezi kutudanganya, wala kujidanganya.

Kuna mambo ambayo maandishi yetu hayaonyeshi wazi, na mwalimu hana budi ayaonyeshe kwa kinywa. La kwanza ni ile m inayosimama peke yake kama silabi. Katika mtu, mti na mke watoto huitambua upesi. Lakini inapotangulia b huwadanganya. Mtu mbaya husemwa m-ba-ya, silabi tatu, na nyumba mbaya husemwa mba-ya, silabi mbili, hali machoni ni neno moja. Mbuni aliye ndege mkubwa ni mbu-ni. Mbuni ulio mti wa kahawa ni m-bu-ni, maana m yake ndiyo ile ya mti na mchungwa, na wingi wake mibuni. Mtoto akipiga kofi kwa kila silabi atasikia tofauti, na akiisikia ameshika pia ngeli ya neno bila kuambiwa neno ngeli. La pili ni ng na ng'. Alama ile ndogo watoto huidharau, na wachapaji pia. Lakini kung'oa jino ni jambo moja, na kulia ngoa ni jambo jingine.

La tatu ni vokali mbili zikifuatana. Kata na kataa, choka na chokaa, kufa na kufaa: anayezisoma mbio huzifanya sawa. Afundishwe kwamba mkazo wa Kiswahili hukaa juu ya silabi iliyo ya pili kutoka mwisho, na kwa hiyo ikiongezwa a moja mkazo wahama. Barabara, yaani njia, na barabara, yaani sawasawa, ambamo mkazo wa neno la pili hurudi nyuma, ni jambo la kipekee, na mtoto mdogo asisumbuliwe nalo. Waalimu wa Mombasa wanajua kwamba kwao paa aliye mnyama hutamkwa kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi. Maandishi ya kawaida, ambayo yaliwekwa juu ya msingi wa Kiunguja na kusimamiwa na Halmashauri ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, hayana alama ya pumzi hiyo. Mwalimu wa huko asiwanyang'anye watoto tofauti wanayoisikia kwa sababu tu haikuandikwa.

Mtoto akifika mwaka wa pili au wa tatu, sauti zaweza kumfungulia mlango mwingine wa maneno, na twasikitika kwamba ni wachache waupitao. Tazameni: penda hutoa mpenzi, linda hutoa mlinzi, fuata hutoa mfuasi, pika hutoa mpishi, na cheka mcheshi, iba hutoa mwizi, lewa hutoa mlevi. Sauti i ya mwisho huigeuza konsonanti iliyo mbele yake, nd ikawa nz, t ikawa s, k ikawa sh, b ikawa z, w ikawa v. Mtoto wa miaka minane hahitaji kanuni. Aonyeshwe jozi tatu, na ya nne ataitafuta mwenyewe. Akikuta neno mfuasi kitabuni hatalisoma tena kama sauti tupu, bali atalisikia fuata likipumua ndani yake. Wengine watakosea, maana lugha haifuati njia moja: soma hutoa msomaji na msomi, na m haikugeuka. Mtoto mmoja alituambia kwa uhakika kwamba mkasi umetokana na kata, t ikiwa imegeuka s. Mkasi ni neno la Kiarabu, na asili yake ni nyingine kabisa. Lakini tulimsifu, maana mtoto afikiriye hivyo amekwisha kuvuka mto.

Kuandika kwa imla nako kusaidie kazi hii. Watu hudhani kwamba lugha iandikwayo kama itamkwavyo haina makosa ya kuandika; Alcock na Ngorosho, waliochunguza maandishi ya watoto wa Tanzania na kutoa habari zao mwaka 2003, walionyesha kwamba si kazi nyepesi. Makosa ya imla ni kioo cha sikio. Mwalimu asiyafute tu kwa wino mwekundu. Ayakusanye, na kwa kuyaangalia atajua ni mapacha gani ya kufundishwa wiki ijayo.

Turudi mwisho kwa msichana wetu na kata yake. Tangu mwaka 2015 Tanzania imeweka kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa msingi wa madarasa mawili ya kwanza, na Kenya mwaka huo huo ilianza mpango wake wa Tusome. Vitabu vimekuwa vingi kuliko zamani, nasi twafurahi. Lakini kitabu kichapwacho kwa nchi nzima hakiwezi kujua ni nyumba gani zina mtungi. Mwalimu wa msichana yule alipoona yaliyotokea, hakutafuta picha. Alimwomba mama mkubwa mmoja wa kijijini aje darasani siku ya Ijumaa. Akaja na majani makavu ya mgomba, akayasokota mbele ya watoto, akafanya duara, akaiweka kichwani mwa msichana, na juu yake ndoo. Kisha akatoa katika kikapu chake kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, akasema kwamba hii nayo ni kata, ya kuchotea maji. Mwalimu akaandika ubaoni ka na ta, akauliza ni kata ngapi sasa. Watoto wakahesabu: ya kisu, ya kichwani, ya maji. Msichana akainua mkono, akasema iko na ya nne, ile ambayo baba yake huenda kwenye ofisi yake kupata barua, Kata yao. Mwalimu hakuwa ameifikiri hiyo.